Kina na Mizani

Wete, mtaa wa Jadida, saa tatu asubuhi.
Nimepanda kiti, kamera ya kina mkononi,
natafuta pembe ya ukuta isiyomwaga chokaa.
Bi Mize Faki ananishikia utepe wa kupimia,
mwisho wake kaubana kwa kidole gumba cha mguu.
"Kina?" anauliza. "Kina cha bahari, ama kina cha shairi?"
Kina cha chumba, bibi. Umbali wa kila kitu na jicho hili.
Sura haioni. Haitakujua kama wewe ni wewe.
"Basi kinyume cha marehemu Hamadi," anasema.
"Yeye sura aliiona. Umbali hakuujua."

Nakunjua ubao wa miraba, mweusi mweupe, mweusi mweupe,
nausogeza kushoto, nauinamisha, nauweka chini,
mashine izihesabu pembe ijue yenyewe imepinda wapi.
Yeye anatafuta kete.
Hii ni drafti, anasema, na wewe unacheza peke yako
na bado unashindwa.

Kweli nashindwa.
Kioo cha kabati kinaidanganya: inaona chumba cha pili
nyuma ya ukuta, na ndani yake kitanda kingine.
Sinia lililoegemezwa linageuka shimo.
Buibui lililo msumarini linameza miale yote,
na pale lilipo, kwenye skrini, pana tundu lenye mabega.
Sakafu nayo imeinama sentimita nne kuelekea mlangoni.
Aliisakafia mumewe hivyo makusudi,
maji ya kuoshea yatoke yenyewe.

Kisha nianguke. Ndivyo maelekezo yanavyosema:
mbele, nyuma, ubavu, mara tano.
Najitupa. Kijani inakuwa nyekundu.
Ya tatu, ananizuia.
"Hujui kuanguka wewe. Unatanguliza mkono.
Anayeanguka kweli hana habari."
Anashika ukingo wa kitanda, anashuka polepole, ananionesha:
goti hapa, nyonga hapa, shavu hapa penye ufa.
Tangu adhuhuri hadi mwito wa isha, Shaabani iliyopita.
"Watoto nikiwasikia wanapita na madumu.
Nikaona haya kuita.
Huko uvunguni niliiona sindano yangu,
ilipotea mwaka wa harusi ya Nasra. Mkono haukuifika."

Simu yake inalia. Nimesahau kuzima tahadhari.
Maskati, Nasra, sauti imekatika: mama, mama,
"Sijaanguka mie. Kaanguka fundi.
Kaanguka mara tatu, na hata moja hakuipata."

Simu anaiweka, lakini hainuki.
Anabaki pale pale, miguu kainyoosha,
anavuta ungo, anachagua mchele,
na kila dakika mashine inapiga kelele: mtu yuko chini!
Walioiunda wanaishi vitini.
Huyu hula chini, hushona chini, husali chini,
mgeni akija humsogezea mkeka.
Anaitazama juu, kama anayemtazama paka mwizi,
na bila kuacha mchele:

*Umeniletea jicho, juu umelitundika,*
*Halijui lionacho, kuketi na kupomoka,*
*Nyumba haina kificho, chini ndiko nakocheka,*
*Alokaa mkekani, usiseme kaanguka.*

Nahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo.
Nane kwa nane, hakuna mstari unaopwaya.
Mizani yangu mimi bado inapungua nne.

Nafuta vipimo vyote. Naanza upya,
safari hii kutoka sakafuni kwenda juu.
Kwenye fomu, penye "sababu ya marekebisho",
nafasi ni ya mstari mmoja. Naandika:
mwenye nyumba anaishi chini.

Sindano naitoa uvunguni kwa ncha ya utepe.
Ina kutu, na uzi wake bado umo.